Kulinganisha Gharama za Vinia za Meno Kabla ya Kulipa

Hotuba iliyosomwa mbele ya walaji wa Mkoa wa Arusha katika kuadhimisha Siku ya Haki za Mlaji Duniani



Tarehe 15 Machi ya kila mwaka huadhimishwa duniani kote kwa kumbukumbu ya ujumbe ambao Rais John F. Kennedy wa Marekani aliupeleka kwa Bunge la nchi yake tarehe hiyo mwaka 1962, akizitaja haki za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Katika mikutano kama hii tumezoea kuzungumza juu ya mizani, mafuta ya kula, simu bandia na mabati membamba. Leo tumechagua jambo ambalo huenda wengine mtaliona ni la anasa, nalo ni gharama za kuvalisha meno vile vigamba vyembamba viitwavyo vinia.

Tulilichagua kwa sababu ya karatasi moja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika kwenye dawati letu akiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: idadi ya meno, ambayo ni manane, maneno "bei maalumu", na jumla ya fedha. Hapakuwa na kingine. Nusu ya fedha hizo alikuwa amezikopa kwenye kikoba. Alikwenda akitaraji kubandikiwa vinia. Meno yake manane ya mbele yakachongwa pande zote mpaka yakabaki kama vigingi, kisha yakavikwa krauni, yaani kofia zinazolifunika jino zima. Baada ya miezi michache mawili kati ya meno hayo yalihitaji matibabu ya mzizi, na akaambiwa kwamba hayo hayamo katika bei. Ametupa ruhusa kusimulia habari zake bila kumtaja jina, na neno lake moja ndilo lililotufanya tuandike hotuba hii: "Sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuuliza."

Hapa Arusha jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wetu tuliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, na wenzetu wa baadhi ya sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida, tumekunywa tangu utotoni maji yenye madini mengi ya floridi yatokanayo na miamba ya volkano. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, ambayo ni tangu kuzaliwa hadi kufikia takriban miaka 8, meno huota yakiwa na madoa meupe, ya manjano au ya kahawia, na yaliyoathirika sana huwa na vishimo. Mmoja wetu tulioandaa maelezo haya amezaliwa Maji ya Chai. Anajua vizuri maana ya kucheka huku umeziba mdomo kwa kiganja, na kuulizwa mjini Dar es Salaam, na watu wasio na nia mbaya, kama hapigi mswaki. Kwa hiyo hatutasimama hapa kuwaambia kwamba kutaka meno meupe ni upuuzi. Tunachotaka ni kwamba anayelipia ajue analipia nini.

Tuanze na kitu chenyewe. Seremala akitaka meza ya mbao hafifu ionekane kama ya mninga, hubandika juu yake ubao mwembamba sana wa mninga. Vinia ya jino ni hivyo hivyo: kigamba kinachobandikwa kwenye uso wa mbele wa jino kwa gundi maalumu, mara nyingi chenye unene usiofika milimita 1. Wazo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Charles Pincus wa California alikuwa akiwabandikia waigizaji wa filamu vigamba vya muda, wakavitoa kamera ilipozimwa. Vigamba vya kudumu vilisubiri hadi mwaka 1955, Michael Buonocore alipoonyesha kwamba asidi ikipakwa kidogo juu ya enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, huifanya ishikane na risini. Na vile vya kauri vilianza kuenea katika miaka ya 1980. Mambo mawili yamebaki vilevile tangu hapo. Vinia hushika vyema zaidi juu ya enameli. Na enameli ikishachongwa haioti tena.

Jambo hilo la pili ndilo linaloifanya bidhaa hii isifanane na nyingine tunazozishughulikia ofisini. Simu mbovu hurudishwa dukani. Kitenge kilichochuja hubadilishwa. Jino lililochongwa kwa ajili ya vinia litahitaji kufunikwa maisha yote, na kila kigamba kitakapochakaa kitahitaji mrithi wake. Hivyo basi, bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni bei ya seti ya kwanza tu.

Sasa aina zake. Ya kwanza ni vinia ya kompositi, ile risini yenye rangi ya jino ambayo wengi mmeshazibiwa nayo meno. Daktari huipaka tabaka kwa tabaka akiwa nanyi hapo hapo kitini, huikausha kwa taa ya bluu, huichonga na kuing'arisha. Mara nyingi kazi huisha siku moja, hakuna maabara inayolipwa, na mara nyingi jino halichongwi ila kidogo sana, au halichongwi kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya unafuu wake. Udhaifu wake ni kwamba hunyonya rangi ya chai, kahawa na tumbaku, hupoteza mng'ao, na huweza kumeguka ncha. Kwa kawaida hutarajiwa kudumu miaka 5 hadi 7, na aliyeitunza huweza kuvuka hapo. Ikimeguka hurekebishwa mahali palepale kwa gharama ya kuziba jino; haing'olewi yote. Sifa hii haitajwi sana kwenye matangazo, na sisi tunaiona kuwa ni kubwa.

Ya pili ni vinia ya kauri. Hapa daktari huchonga uso wa jino kidogo, huchukua umbo la meno, huwabandikia kifuniko cha muda, na fundi sanifu wa maabara ya meno hutengeneza vigamba kimoja kimoja. Mnarudi baada ya siku kadhaa, au wiki kama maabara iko mbali, kuvibandika. Ndani ya jina "kauri" kuna vitu vitatu tofauti. Ipo kauri ya feldispa, inayojengwa kwa mkono tabaka kwa tabaka. Ni nyembamba na hupitisha nuru kama jino la asili, lakini ni dhaifu kuliko wenzake na yahitaji fundi hodari. Ipo kauri ya lithiamu disiliketi, yenye nguvu zaidi, ambayo siku hizi hutumiwa sana. Wengi huijua kwa jina la biashara, e.max. Na ipo zirkonia, ambayo ni ngumu kupita zote. Ugumu wa zirkonia huwavutia wanunuzi, lakini asidi inayotumiwa kuandaa kauri nyingine ili zishike gundi haifanyi kazi juu yake, kwa hiyo kuibandika kama kigamba chembamba kunahitaji maandalizi mengine. Imejijengea sifa zaidi katika krauni. Mkiambiwa kwamba zirkonia ndiyo bora kwa kila jino kwa kuwa haivunjiki, ulizeni itashikwaje. Kauri nzuri iliyobandikwa juu ya enameli hutarajiwa kudumu miaka 10 hadi 15, na tafiti kadhaa zimeona zaidi ya asilimia 90 zikiwa bado mahali pake baada ya miaka 10. Ikivunjika, hata hivyo, kwa kawaida hutengenezwa mpya.

Kuna pia vifuniko vya plastiki vya kuvaa na kuvua, vinavyouzwa mitandaoni kwa bei ya chini sana na kuitwa vinia. Hivyo ni pambo la sherehe. Tusipoteze muda hapo.

Je, bei zinalinganaje? Tusikilize kwanza za mbali. Miongozo ya bei kwa wagonjwa nchini Marekani hutaja dola 900 hadi 2,500 kwa jino moja la vinia ya kauri, na dola 250 hadi 1,500 kwa ya kompositi. Tazameni vizuri tarakimu hizo: kompositi ya ghali inaipita kauri ya bei ya chini. Maana yake ni kwamba jina la mali ghafi halitoshi kueleza bei. Mnalipia pia muda wa daktari, ujuzi wake, maabara aliyoichagua na kodi ya jengo alimopanga. Ndiyo maana tangazo lisemalo "vinia kuanzia shilingi kadhaa" halijasema chochote mpaka lieleze ni vinia gani, ya nani, na kuanzia hapo inaishia wapi.

Kwa kuwa bei za hapa kwetu hutofautiana kati ya kliniki moja na nyingine, tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano. Tunasisitiza kwamba si bei za soko; wekeni zenu mahali pake mtakapokuwa nazo. Tuseme kompositi ni shilingi 250,000 kwa jino na itadumu miaka 6, na kauri ni shilingi 900,000 kwa jino na itadumu miaka 12. Meno ni manane. Siku ya kwanza kompositi itawagharimu 2,000,000 na kauri 7,200,000. Msemaji wa kliniki atawaambia kwamba kauri hudumu mara mbili, hivyo mwishowe ni nafuu. Tuihesabu miaka 24. Kompositi itawekwa mara nne, jumla 8,000,000. Tuongeze shilingi 60,000 kila mwaka za kuing'arisha, ambazo ni 1,440,000, tunafika 9,440,000. Kauri itawekwa mara mbili, jumla 14,400,000. Maneno ya msemaji hayakuwa kweli kwa bei hizo. Lakini kama kauri ingekuwa 450,000 kwa jino, miaka 24 ingegharimu 7,200,000, naye angekuwa amesema kweli.

Kwa hiyo siri iko katika kugawa. Gawanyeni bei ya kauri kwa bei ya kompositi. Kisha gawanyeni umri wa kauri kwa umri wa kompositi. Katika mfano wetu wa kwanza bei ni mara 3.6 na umri ni mara 2 tu. Bei ikizidi kwa kiasi kikubwa kuliko umri unavyozidi, anayechagua kauri analipia uzuri wake, kutochuja rangi na usumbufu mdogo wa kurudi kliniki. Hayo ni mambo halali kabisa ya kulipia. Ila asiambiwe kwamba anaweka akiba.

Umri wa mnunuzi nao umo katika hesabu. Kijana wa miaka 22 anayebandikiwa kauri leo, akijaliwa kufika miaka 70, ana miaka 48 mbele yake, ambayo kwa mfano wetu ni seti nne, na huenda kila kubadilisha kukahitaji kuchonga tena kidogo. Mzee wa miaka 60 ana hesabu nyingine. Maoni yetu, na tunayasema kama maoni, ni kwamba kijana aanze na kile kisichochonga jino. Akipata uwezo baadaye, mlango wa kauri utakuwa bado wazi. Aliyeanza na kuchonga hana njia ya kurudi.

Tena kabla ya vinia yoyote kuna ngazi za chini, na kwa meno yetu ya floridi ngazi hizo ni muhimu sana. Madoa ya floridi yako ndani ya enameli. Ndiyo sababu mkaa, majivu na mchanga havifui dafu: husaga jino na kuliacha doa pale pale. Lakini kwa madoa mepesi na ya wastani daktari wa meno anaweza kulisugua tabaka la juu kabisa kwa mchanganyiko wa asidi na unga laini wa kusaga, kisha akang'arisha kwa dawa ya peroksaidi. Doa la kahawia huweza kupungua hadi likaacha kumsumbua mwenyewe. Kiasi cha enameli kinachoondoka ni kidogo sana, na gharama kwa kawaida haifikii ya vinia za kauri. Wengine hupata rangi wanayoitaka kwa njia hii, na wengine hujikuta wanahitaji vinia mbili badala ya nane. Hivyo swali la kwanza la kumwuliza daktari lisiwe "vinia ni shilingi ngapi?" Mwulizeni: "Kwa meno yangu haya, ni jambo gani dogo kuliko yote tunaloweza kujaribu kwanza, na hilo ni shilingi ngapi?" Kwa walioathirika sana, enameli yenye vishimo huenda isishike gundi kwa urahisi na ikahitaji kuandaliwa kwa muda mrefu zaidi, hao wamwulize daktari amewahi kushughulikia meno ya namna hiyo mara ngapi.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka nje ya mada kidogo. Wapo wazazi wanaochangishana mamilioni kwa ajili ya meno ya binti anayekaribia kuolewa, ilhali mdogo wake wa miaka 3 ananywa maji ya kisima kilekile. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floridi iliyobaki huwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floridi kabisa, na vichujio vya mkaa wa mifupa, vilivyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto hapa hapa mkoani, huipunguza. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Magadi tunayotia katika maharage na makande nayo huweza kuwa na floridi nyingi. Kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajaota, hii ndiyo matumizi ya fedha yenye faida kuliko kauri yoyote.

Turudi kwa mwalimu wetu na zile krauni. Tofauti kati ya vinia na krauni ndipo mahali ambapo walaji wengi huumia, kwa sababu vikishabandikwa mtazamaji hawezi kuvitofautisha. Utafiti wa Edelhoff na Sorensen, uliochapishwa mwaka 2002, ulipima ni kiasi gani cha jino huondolewa katika maandalizi ya kila namna. Kwa vinia ilikuwa asilimia 3 hadi 30 ya sehemu ya jino inayoonekana. Kwa krauni kamili ilikuwa asilimia 63 hadi 72. Jino lililopoteza theluthi mbili za mwili wake liko karibu zaidi na mshipa wake wa fahamu, na uwezekano wa kuhitaji matibabu ya mzizi huongezeka. Krauni ni tiba nzuri kwa jino lililooza sana au lililovunjika. Kuivika juu ya jino zima lenye doa tu ni kubomoa nyumba kwa sababu rangi ya ukuta imefifia. Kwa nini basi hufanyika? Mara nyingine kwa sababu ni rahisi zaidi kwa mchongaji, na kwa sababu mteja hajui. Nchini Uingereza limezuka jina la mzaha, "meno ya Uturuki", kwa ajili ya wasafiri wanaofuata bei nafuu huko. Madaktari wa Uingereza wamelalamika kwamba wengi wanaorudi wakidhani wana vinia wamevikwa krauni.

Sisi hatuendi Uturuki kwa wingi, lakini kutoka hapa Arusha basi la kwenda Nairobi kupitia Namanga ni la saa chache, na wapo wanaovuka kufuata bei. Hatuwakatazi. Kliniki nzuri zipo pande zote za mpaka. Tunawaomba tu muingize katika hesabu nauli ya kwenda na kurudi si mara moja bali mara tatu au nne, malazi, na swali moja la ziada: kigamba kikianguka mwezi wa sita, nani atakibandika, wapi, na kwa fedha za nani? Dhamana iliyoandikwa na kliniki ya nchi nyingine yaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini ofisi yetu haina mkono wa kufika huko.

Sasa karatasi. Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi. Yataje kila jino litakaloguswa, na kwa kila jino yaseme kama ni kompositi, kauri ya aina gani, au krauni. Yaseme ni kiasi gani cha jino kitachongwa. Halafu yaoneshe yale yasiyoonekana kwenye tangazo: uchunguzi wa kwanza, picha za eksirei, kusafisha meno, matibabu ya fizi au ya meno yaliyotoboka ambayo lazima yatangulie, vifuniko vya muda, maabara, ganzi, marudio ya kurekebisha, na ile kinga ya kuvaa usiku kwa wanaosaga meno usingizini, maana msaga meno asiyevaa kinga anaweza kuivunja kauri ya milioni kadhaa akiwa amelala. Tumeona makadirio mawili ya meno hayohayo ambapo la bei ya chini lilikuwa halina hata kimoja kati ya hivyo, na la bei ya juu lilikuwa navyo vyote. Vilipojumlishwa, la bei ya chini ndilo lililokuwa ghali.

Dhamana nayo iandikwe. "Tunakupa dhamana ya miaka 10" ni maneno mazuri, lakini dhamana ya nini? Ikiwa ni ya kigamba tu, bila kazi ya kukitengeneza na kukibandika, mmepewa dhamana ya sehemu ndogo ya bei. Ulizeni pia masharti: nyingi huvunjika mgonjwa asipohudhuria uchunguzi kila miezi 6, na uchunguzi huo hulipiwa. Mtu akiwaambia kwamba vinia zake ni za maisha, msimjibu, ondokeni.

Wale wanaouliza kama bima italipa, wasiende kwa kukisia. Vinia kwa ajili ya mwonekano huhesabiwa na bima nyingi kuwa urembo, ilhali kutibu fizi au kuziba jino lililotoboka, kazi zinazotangulia vinia, huenda zikawa ndani ya kifurushi chenu. Pelekeni makadirio kwa bima yenu kabla ya kutia saini, mkapate jibu la maandishi.

Na mjue mnayemlipa. Chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, anayetibu meno Tanzania Bara hana budi kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kuwa na leseni hai. Kuomba kuona leseni si utovu wa adabu. Mama lishe huulizwa cheti cha afya kwa ajili ya sahani ya wali. Sembuse anayetaka kuchonga jino? Mafundi wanaotembea majumbani au wanaopokea wateja saluni baada ya kujifunza kwa video za mitandaoni wana bei nafuu kuliko wote, na hatuna hesabu ya kuwalinganisha nayo, kwa sababu gharama ya kuondoa kazi yao hulipwa kwa mtu mwingine.

Sheria iko upande wenu pia katika matangazo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutenda jambo linalopotosha au linaloelekea kumpotosha mlaji, na kuita krauni vinia, au kauri isiyojulikana asili yake e.max, kunaingia humo. Aidha, tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza au kudai bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kliniki ikiwapa bei ya jino kwa dola, iombeni kwa shilingi, na mkilipa mdai risiti ya EFD yenye kiasi halisi mlicholipa. Wapo wanaoshawishiwa kukubali punguzo dogo ili wasipewe risiti. Punguzo hilo ni ghali, kwani siku ya malalamiko risiti ndiyo shahidi wa kwanza tunayemwita.

Mwalimu wetu hakuwa na risiti, na ile karatasi haikuwa na jina la kliniki wala saini. Tulimwita mhusika, na mazungumzo yakachukua miezi mitano. Mwishowe alikubali kulipia matibabu ya mizizi ya meno yale mawili. Meno sita mengine yanaendelea vizuri hadi leo. Deni la kikoba limebaki la mwalimu mwenyewe, na krauni nane atazibadilisha kwa fedha zake kila zitakapochakaa. Yeye ndiye aliyetuomba, tutakapozungumza na watu, tuwaambie wapige picha ya meno yao kabla hayajaguswa na waitunze, kwa kuwa hakuwa na hata picha moja ya kuonyesha kwamba meno yake yalikuwa mazima.

Nakala za fomu ya makadirio tuliyoiandaa ziko mezani karibu na mlango, nazo ni bure. Ijazeni pamoja na daktari katika kliniki mbili au tatu kabla ya kuamua. Walio na makadirio tayari, au waliokwisha kulipa na wana mashaka, wabaki nasi baada ya maswali wakiwa na karatasi zao, risiti, ujumbe wa simu waliotumiana na kliniki, na tangazo lililowavuta kama bado wanalo. Tutazisoma pamoja, mmoja mmoja, kwa faragha.